UZI: Mtoto wa sekondari anayependa kuunda vitu, tumfundishe umbo kwanza, kompyuta itafuata (Arusha na Moshi karibuni tujadili)

FundiMchoro (Njiro)

Wakuu, habari za jioni.

Nilifundisha uchoraji wa ufundi Moshi, sasa niko Arusha nachora ramani za nyumba na samani. Jumamosi nakaa na vijana wa kidato cha kwanza hadi cha nne wanaotaka kujifunza ubunifu wa vitu vya pande tatu: viti, majengo, vinyago, vyombo, hata mapambo ya kuvaa. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kuna sentensi moja naisikia kwa wazazi na walimu mpaka inaniuma: "Shule yetu haina kompyuta, hilo somo hatuliwezi."

Mnaliweza. Mbunifu ni mtu anayeliona umbo zima kichwani, akaligeuza, akalikata, akalifungua na kulirudisha bila kulishika. Uwezo huo hujengwa kwa penseli, rula, bikari, manila, maboksi na udongo. Mtoto akiukosa, hata umpe kompyuta ya bei gani, atabaki kuburuza vitu kwenye skrini bila kujua kwa nini havikai.

Zoezi ninaloanza nalo ni hili. Chukua boksi la sabuni ya unga. Mtoto apime urefu, upana na kimo kwa milimita, achore mionekano mitatu: wa mbele, wa juu na wa ubavuni. Kila mwonekano ukae mahali pake, mistari ya plani (mwonekano wa juu) ilingane sawasawa na ya elevesheni (mwonekano wa mbele au wa ubavuni) iliyo mkabala nayo. Hapo hakuna anayeshindwa. Sasa mwambie akate kona ya juu kulia ya boksi kwa mshazari, ukingo wote kutoka mbele hadi nyuma, kisha achore upya.

Hapa darasa zima hunyamaza. Uso ule ulioinama, ukiutazama kutoka mbele unaona mstari tu. Ukiutazama kutoka juu, unaonekana mfupi kuliko ulivyo. Kutoka ubavuni, mfupi vilevile. Katika mionekano yote mitatu hakuna hata mmoja unaokupa ukubwa wake wa kweli! Inabidi mtoto achore mwonekano wa nne, akiwa kama anautazama uso wenyewe ana kwa ana. Siku anapolielewa hilo kwa mikono yake, ameshavuka mto. Mengine yote ni mazoezi.

Na jambo hili liko kila mahali mtaani. Chukua nyumba yenye upana wa mita 8, paa la migongo miwili, kilele kikiwa mita 3 juu ya ukuta. Kwenye plani, kutoka ukutani hadi chini ya kilele unasoma mita 4. Mbao ya mshazari ni mita 5 (16 na 9 ni 25), na bado hujaongeza kipande cha kutokeza nje ya ukuta. Anayenunua mbao na bati kwa kusoma plani peke yake lazima arudi dukani.

Elimu hii ina historia nzito. Aliyeipanga kuwa somo kamili ni Mfaransa Gaspard Monge, aliyeishi 1746 hadi 1818. Alikuwa kijana katika chuo cha uhandisi wa kijeshi cha Mézières alipotafuta njia ya haraka ya kusanifu ngome kwa michoro badala ya mahesabu marefu. Wakubwa wake walipoona ina nguvu kiasi gani, ikafanywa siri ya jeshi kwa miaka. Leo tunayo bure, na tunaipuuza kwa sababu haina skrini.

Baada ya mionekano tunaingia isometriki, mchoro mmoja unaoonyesha pande tatu kwa pamoja, ile ya mistari ya nyuzi 30 kulia na kushoto. Naipenda kwa vijana kwa sababu mistari inayokwenda sambamba hubaki sambamba, hivyo unaweza kuweka rula na kupima. Mchoro wa picha, ule ambao barabara inakwenda ikibana mbali, ni mzuri kwa macho ila fundi hapimi kitu juu yake.

Halafu manila. Chora mkunjuo wa boksi lako lililokatwa, nyuso zote zikiwa zimelala chini, acha vishikio vya gundi, kata, kunja. Ikifunga bila mwanya, michoro yako ilikuwa sahihi. Isipofunga, rudi kwenye mchoro. Hakuna haja ya mwalimu kusahihisha kwa wino mwekundu, manila yenyewe imeshasema.

Karibuni.

Mama wa Sakina

Kaka, asante sana kwa madini haya. Nina kijana kidato cha pili. Chumba chake kimejaa magari ya waya na vitu vya makopo. Baba yake anasema anapoteza muda, asome Hesabu na Fizikia. Mimi nataka kujua kama mzazi: hili ni somo kweli? Lina mtihani? Na mwisho wake ni kazi gani?

FundiMchoro (Njiro)

Dada yangu, umeuliza yale ambayo kila mzazi ana haki ya kuuliza.

Kwa shule zetu, Sanaa ni somo na lina mtihani wa kidato cha nne, ingawa shule zinazolifundisha si nyingi. Shule za ufundi kama Moshi Tech zina michoro ya kihandisi. Na mtaala mpya ulioanza kutekelezwa 2024 umeleta mkondo wa amali, ambao mtoto anajifunza fani ya mikono akiwa sekondari. Uliza shuleni kwake wana fani gani.

Huko Uingereza wamelitenga kabisa kuwa njia yake ndani ya Sanaa na Ubunifu. Kwenye GCSE (mtihani wao wa sekondari) ya bodi ya mitihani ya AQA, jalada la kazi za mwanafunzi lina asilimia 60 ya alama, na kazi inayotokana na swali la bodi ina asilimia 40, ikimalizikia kwa saa 10 chini ya usimamizi. Mtoto anaweza kuchagua ufinyanzi, uchongaji, usanifu wa majengo, vito, jukwaa la maigizo, bidhaa au modeli za kompyuta. IGCSE ya Cambridge (mtihani kama huo wa kimataifa), ambayo baadhi ya shule za kimataifa huku kwetu zinaitumia, nayo ina ubunifu wa pande tatu kama eneo mojawapo la Sanaa na Ubunifu, na mtihani wake ni wa saa 8. Ninachokiheshimu huko ni kwamba wanatoa alama kwa safari nzima: ulitazama nini, ulijaribu malighafi gani, uliacha wazo gani na kwa nini. Kitu kizuri kilichotokea ghafla bila michoro ya nyuma yake hakipati alama za maana.

Kazi? Usanifu majengo na ubunifu wa ndani ya majengo (Chuo Kikuu Ardhi kipo), ufundi sanifu wa ujenzi na mitambo (Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978), samani, alminiamu, mageti, vito. Na mwambie baba yake, kwa heshima, kwamba Hesabu na Fizikia haziachwi. Zinakaa mezani pamoja na hayo makopo. Magari ya waya ya kijana wako ni mchoro tayari: kila waya ni ukingo wa umbo. Mwombe achore moja mionekano mitatu, uone.

Mwl wa Rau

Mkuu, nakubaliana na wewe, ila nikwambie hali ya darasani. Mimi nafundisha Hesabu. Wanafunzi ni wengi, rula yenyewe wanaazimana, na mkuu wa shule anauliza ufaulu. Nikitumia kipindi kizima kukata manila, mada tatu zinabaki nyuma. Wewe una vijana wachache waliokuja kwa hiari yao. Mimi nina darasa lililoletwa na kengele.

FundiMchoro (Njiro)

Mwalimu, nakusikia na sitaki kukurahisishia mzigo wako kwa maneno. Ila angalia mtaala wa zamani wa Hesabu, kidato cha nne kulikuwa na mada ya maumbo ya pande tatu. Ile pembe kati ya mstari na uso wa piramidi, ambayo watoto huikariri bila kuiona, ndiyo hii hii. Nimeona darasa kubwa likiielewa kwa vijiti vya mishikaki na vipande vya udongo kwenye kona, makundi ya watoto wanane. Kipindi kimoja. Wakishaliona kwa macho, mada inayofuata inakwenda mbio, na muda ule unarudishiwa.

Mwl wa Rau

Vijiti vya mishikaki nitajaribu. Manila ya darasa zima, hapana, bajeti haipo.

FundiMchoro (Njiro)

Maboksi ya dukani basi. Ukipita soko la Mbuyuni jioni wenye maduka wanayatupa.

PrintaKijenge

Wakuu, mimi napinga kidogo. Nina printa ya 3D na nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi. Mtoto anachora kitu kwenye Tinkercad (programu ya mtandaoni ya kuchora vitu vya pande tatu), baada ya muda anakishika mkononi. Ile furaha haiji kwa manila. Kwa nini tumcheleweshe kwa penseli za bibi na babu? FreeCAD, programu nyingine ya kazi hiyo, ni bure na haihitaji bando ukishaiweka. Blender nayo ni bure, Mholanzi Ton Roosendaal na wenzake waliifungulia dunia 2002. Printa zenyewe zilikuwa za viwandani hadi Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath alipoanzisha mradi wa RepRap 2005, akagawa michoro bure ili watu wajiundie. Na si Wazungu tu: Afate Gnikou wa Togo, pale Lomé, 2013 aliunda printa ya 3D kwa mabaki ya skana na printa kuukuu. Tunasubiri nini?

FundiMchoro (Njiro)

Kaka, furaha unayosema ni ya kweli, na huyo Gnikou wa Lomé nawatajia vijana wangu kila mara. Sasa niambie wewe mwenye printa: ni faili ngapi za watoto zinakuja zikiwa haziprintiki?

PrintaKijenge

Nyingi, sikatai. Kuta zisizo na unene. Maumbo yenye tundu ambayo programu haijui ndani ni wapi na nje ni wapi. Vitu vinavyoning'inia hewani. Nieleze kwa wasioijua: printa inayeyusha uzi wa plastiki wa milimita 1.75, unatokea kwenye kitundu cha milimita 0.4, inaweka tabaka juu ya tabaka, kwa kawaida milimita 0.2 kila moja. Kitu cha kimo cha sentimita 5 ni tabaka 250. Tabaka lazima lilale juu ya la chini yake, hivyo mwinamo ukizidi nyuzi 45 hivi, plastiki inakosa pa kukaa na inadondoka, labda uweke nguzo za muda.

Kuna binti alichora ndoano ya kutundikia begi, nzuri kabisa. Akaiprinti ikiwa imesimama. Ikakatika begi la kwanza tu, kwa sababu nguvu ya begi ilikuwa inayavuta matabaka yaachane. Tukailaza ubavu tukaprinti tena, mpaka leo inabeba.

FundiMchoro (Njiro)

Mfano huo wa ndoano ni somo zima. Kuta, mwinamo, upande wa nguvu: yote hayo ni kuliona umbo. Aliyewahi kukata boksi kwa mshazari na kulikunja upya anajua tayari kwamba karatasi ina unene na uso ulioinama una tabia zake. Siwapingi wenye printa hata kidogo. Nasema mtoto aje kwako akiwa na mchoro wa mkono wenye vipimo, na asiwe na sababu ya kusubiri printa ifike shuleni kwao ndipo aanze.

PrintaKijenge

Hapo kwenye kuja na mchoro nimekuelewa. Ila bado nasema wapo watoto ambao penseli inawafukuza na skrini inawaita. Hao nitawaanzia kwa skrini, watarudi kwenye penseli wenyewe.

FundiMchoro (Njiro)

Wapo. Hao ni wako.

Mchonga Mpingo

Nimesoma yote kimya, sasa niseme la fundi mwenzangu aliyejifunza chini ya mti. Sisi tunaochonga hatuongezi kitu, tunatoa. Ukitoa kimeenda. Ndiyo maana kabla ya tezo kugusa gogo, nachora pande zote: mbele, nyuma, ubavu wa kulia, wa kushoto, na kichwani juu. Nikianza kukata mbele, alama zinapotea, nazichora tena. Kijana anayechora upande mmoja tu anatoa kinyago kilicho bapa, kama picha iliyobandikwa kwenye mti.

Ombi langu kwa walimu: msiwape wanaoanza mpingo. Ni mti mgumu na mzito, hata ukiutia majini unazama, na unachukua miongo mingi hadi moyo wake mweusi unenepe. Moshi palikuwa na marehemu mzee Sebastian Chuwa, ambaye 1996 yeye na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kuupanda upya kwa sababu ulikuwa unaisha. Mwanafunzi aanze na kipande cha sabuni ya mche na kisu cha mezani, akipanda aende kwenye jakaranda, ambayo Arusha imejaa barabarani na matawi yanakatwa kila mara.

FundiMchoro (Njiro)

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kuchora upya alama kila zinapokatwa nitalifundisha Jumamosi hii.

Mchonga Mpingo

Marahaba mwalimu. Walete hata hapa kwangu watazame.

FundiViungo (Moshi)

Naomba niongeze kazi ambayo FundiMchoro hakuitaja, na iko hapahapa Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha TATCOT, tangu 1981, kinafundisha mafundi sanifu wa viungo bandia, na wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika. Mimi kazi yangu ni hiyo.

Mgonjwa aliyekatwa mguu chini ya goti, tunafunga kigutu chake kwa bandeji ya plasta. Ikikauka tunaivua, tunapata umbo la ndani, tunalimiminia plasta mpaka tunapata nakala ya kigutu. Mtu anadhani kazi imekwisha. Ukitengeneza gamba la mguu bandia kwa nakala hiyo jinsi ilivyo, mgonjwa hataweza kulivaa, maana uzito utakaa pasipotakiwa. Kwa hiyo tunaikwangua plasta mahali panapoweza kubeba uzito, kama kwenye kano lililo chini ya pia ya goti, na tunaongeza plasta mahali pasipotakiwa kuguswa, kama ukingo wa mfupa wa muundi na kichwa cha ule mfupa mwembamba wa ubavuni. Ukikwangua nakala, gamba linabana pale. Ukiongeza, linaacha nafasi. Kichwa lazima kifikirie kinyume muda wote, na milimita chache ni tofauti kati ya mtu kutembea na mtu kupata kidonda. Mwisho tunalaza juu yake bamba la polipropilini lililolainishwa kwenye oveni, hewa inavutwa, linashika umbo.

Siku hizi kuna skana na programu za kufanya hivyo kwenye skrini, ni nzuri. Lakini mkono uliowahi kukwangua plasta ndio unaojua aunyanyue au aushushe wapi ule uso kwenye skrini. Kijana anayependa udongo na Biolojia, mleteni atazame. Masomo ya sayansi asiyatupe, yanahitajika kuingia.

Mama wa Sakina

Baba yake nimemsomea hii ya viungo bandia. Amekaa kimya, halafu akaniuliza KCMC wanaruhusu watembeleaji siku gani.

FundiViungo (Moshi)

Mama, shule iandike barua kwa uongozi, waje kama kikundi. Ni rahisi zaidi kuliko mtu mmoja mmoja.

KidatoTatu_Pasua

Shikamooni wote. Mimi nasoma Moshi, kidato cha tatu. Sina laptopu, nina simu ya mama jioni tu. Nilisoma huu uzi juzi nikaanza. Nimepima kigoda cha nyumbani maana nataka kutengeneza kingine, miguu minne imetanuka nje. Kimo kutoka chini hadi chini ya ubao wa kukalia ni milimita 400. Kila mguu, ncha ya chini imetoka nje milimita 100 kwa upande ukitazama kutoka mbele, na milimita 80 ukitazama kutoka ubavuni. Nikipima mguu kwenye mchoro wa mbele napata kama 412, wa ubavuni napata kama 408. Nikate mbao kwa kipi?

FundiMchoro (Njiro)

Marahaba mwanangu. Umepima vizuri mno, na swali lako ni lile la boksi lililokatwa kona, safari hii kwenye mbao.

Usikate kwa 412 wala 408. Mguu umeinama kwa pande mbili kwa mpigo, kwa hiyo michoro yote miwili inaufupisha. Fanya hivi. Kwenye plani, mguu unaonekana kama mstari kutoka kona kwenda nje: 100 huku, 80 kule. Upime mstari huo, utapata 128 hivi. Sasa pembeni ya karatasi chora mstari wa wima wa 400, na kwenye mguu wake mstari wa kulala wa 128. Unganisha ncha. Huo mshazari ndio urefu wa kweli. Kisha uhakikishe kwa Hesabu: 400 mara 400, ongeza 100 mara 100, ongeza 80 mara 80, tafuta kipeuo cha pili.

KidatoTatu_Pasua

176,400. Kipeuo ni 420 kamili. Na kwenye karatasi nimepata 420 pia!

FundiMchoro (Njiro)

Sasa kata mbao ndefu kidogo, 450, maana ncha zote mbili zitakatwa kwa mshazari ili moja ikae sakafuni na nyingine igande chini ya ubao. Pembe ya kukatia usiikisie. Iko kwenye ile pembetatu yako ya 400 na 128, ipime kwa protrakta pale juu.

KidatoTatu_Pasua

Kama nyuzi 18 hivi, karibu na wima.

FundiMchoro (Njiro)

Sawasawa. Ila hiyo pembe inafuata mwelekeo wa kona, haifuati uso wa mbao. Kama mbao yako ni ya mraba na nyuso zake zinatazama mbele na ubavuni, kila uso una pembe yake: ya mmoja inakaribiana sana na ile ya mchoro wako wa mbele, ya mwingine na ile ya mchoro wa ubavuni. Weka alama kwenye nyuso zote mbili, uziunganishe kuzunguka mbao, kisha msumeno ufuate mistari yote. Jaribu kwanza kwa kipande cha mbao ya kutupa. Ukimaliza, weka picha ya mchoro hapa, mionekano yote mitatu pamoja na ile pembetatu.

KidatoTatu_Pasua

Sawa mwalimu. Mbao nimeshapata kwa fundi jirani, Jumapili nakata.